Kugombea Uongozi wa Chama cha Walimu Wilayani Newala
Mwalimu anayekusudia kugombea uongozi wa Chama cha Walimu Tanzania wilayani Newala aisome kwanza katiba ya chama, hasa sifa za mgombea, kabla hajachukua fomu. Kisha azitembelee shule za pembezoni, na akifika ofisi ya walimu asikilize zaidi kuliko kusema: malimbikizo ya mishahara, kupandishwa madaraja, uhamisho, hata shida ya maji, ambayo katika nyanda hizi za juu za Makonde si jambo dogo. Ayaandike katika daftari, pamoja na jina la shule na tarehe. Asigawe fedha kamwe. Atakapoulizwa kuhusu makato ya asilimia 2 ya mshahara yanayokwenda kwa chama, na hakika ataulizwa, aeleze waziwazi atakavyosimamia utoaji wa taarifa za mapato na matumizi. Siku ya kujieleza aende na daftari lile.