Jinsi ya Kununua Nyumba Menton: Anza na Historia ya Mji

Menton ni mji wa mwisho wa pwani ya Ufaransa kabla hujaingia Italia. Anayetaka kununua nyumba huko hana budi kuanza na historia yake, kwa kuwa umri wa kila mtaa ndio unaoamua gharama zitakazomwandama baada ya kukabidhiwa ufunguo.

Ukoo wa Grimaldi wa Monaco uliumiliki mji huu tangu 1346 hadi 1848, wakati wakazi, waliochoshwa na kodi nzito, walipojitangazia uhuru pamoja na majirani zao wa Roquebrune. Mwaka 1860 walipiga kura ya kujiunga na Ufaransa, na mwaka uliofuata mtawala wa Monaco akauza haki zake kwa faranga milioni 4. Jambo lililoujenga mji tunaouona leo, hata hivyo, ni hali yake ya hewa. Daktari Mwingereza James Henry Bennet, aliyefika mwaka 1859 akiwa mgonjwa wa kifua, alipata nafuu, kisha akausifu mji huo katika maandishi yake. Milima iliyo nyuma ya Menton huukinga mji dhidi ya upepo wa kaskazini, na ndiyo maana malimau hustawi huko. Reli ilipofika mwaka 1869, matajiri wa Ulaya walimiminika kila majira ya baridi, na hoteli kubwa zikaota vilimani.

Hoteli hizo ndizo za kuangaliwa kwa makini zaidi. Winter Palace na Riviera Palace, kwa mfano, ziligawanywa zamani kuwa fleti zenye dari za juu, roshani za chuma na bustani za pamoja, na kwa maoni yangu hakuna makazi mengine mjini yenye haiba kama hiyo. Lakini paa la jengo la zaidi ya miaka 100, lifti yake na mapambo ya ukuta wake wa nje hutengenezwa kwa fedha za wenye fleti wote, kila mmoja kwa fungu lake. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini popote, soma kumbukumbu za mikutano ya wamiliki za miaka 3 iliyopita, utazame ni matengenezo gani yamekwisha kupitishwa na ni nani atakayeyalipia.

Mji mkongwe, chini ya kanisa la Saint-Michel, ni wa ngazi na vichochoro visivyopitika kwa gari. Fikiria jinsi utakavyopandisha jokofu, au mzazi mwenye magoti mabovu. Mtaa wa Garavan, upande wa mpakani, una jua zuri na bandari ya mashua. Popote utakapopapenda, rudi mwezi Januari mchana, uone jua linajificha nyuma ya mlima saa ngapi.

Ukishakubaliana bei na muuzaji, mtatia saini mkataba wa awali, na kwa kawaida utaweka amana ya asilimia 5 hadi 10. Sheria humpa mnunuzi siku 10 za kubadili nia bila kupoteza fedha. Mthibitishaji wa umma, ambaye Wafaransa humwita notaire, huchunguza hati na madeni, na mkataba wa mwisho hutiwa saini mbele yake baada ya takribani miezi 3. Kwa nyumba ya zamani, tenga takribani asilimia 8 juu ya bei kwa ajili ya gharama za ununuzi, ambazo sehemu kubwa yake ni kodi ya serikali.

Muuzaji anawajibika kukupa ripoti za ukaguzi, ikiwemo ya matumizi ya nishati, yenye daraja kutoka A hadi G. Usiipuuze hata kidogo: tangu 2025 nyumba ya daraja G hairuhusiwi kupangishwa upya kama makazi, na F zitafuata 2028. Kumbuka pia kwamba kodi ya makazi, iliyofutwa kwa nyumba ya kudumu, bado hutozwa kwa nyumba ya pili.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam: mgeni anaruhusiwa kununua, lakini hati ya nyumba haimpi haki ya kuishi Ufaransa. Shughulikia viza mapema, kabla ya kuweka amana.