Kabla hujapigwa tochi: mambo ya kuzingatia

Madereva wengi huanza kufikiria habari ya ushahidi wa mwendokasi pale wanapomwona askari amenyoosha mkono kando ya barabara. Wakati huo nusu ya kazi imeshapita. Kama bima imekwisha muda, kama hujui gari lako linasoma spidi kwa usahihi kiasi gani, kama hujui tochi, yaani kifaa cha askari cha kupima mwendo, inapimaje, utabaki na sauti ya juu tu, na sauti ya juu humponza dereva. Pale unaposimamishwa hapashindiwi kesi. Hapo unatakiwa utoke salama ukiwa na kumbukumbu sahihi. Ubishi wenye maana hufanyika baadaye, kwa maandishi au mbele ya hakimu, na huandaliwa kabla hujawasha gari.

Anza na yaliyo rahisi. Leseni, bima na kadi ya gari viwe ndani ya tarehe, vikae pamoja mahali unapovifikia ukiwa kwenye kiti chako. Taa zote ziwake, pamoja na za breki na ile ya namba, kwa sababu taa moja ya nyuma iliyozima inampa askari sababu halali ya kukusimamisha, na ukaguzi ukishaanza hujui utaishia wapi. Jua pia kikomo cha mwendo cha aina ya gari lako. Katika nchi nyingi basi, lori au gari linalovuta tela halitakiwi kufika spidi inayoruhusiwa kwa gari dogo, hata kama kibao cha barabarani ni hichohicho.

Kisha ujue mshale wako wa spidi. Katika nchi zinazofuata Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari, mshale hauruhusiwi kabisa kusoma chini ya mwendo halisi, ila unaruhusiwa kusoma juu: hadi asilimia 10 ya mwendo halisi na kuongeza kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo gari linalokwenda 80 kweli linaweza kukuonyesha hadi 92 na bado likawa ndani ya kanuni. Hiyo ni akiba yako, lakini inapotea ukibadilisha matairi. Ukifunga matairi yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 5, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi bila mshale kujua: unasoma 100, lakini gari linakwenda kasi zaidi kwa asilimia 5 kuliko lilivyokuwa likikwenda zamani kwa usomaji huohuo. Tafuta barabara iliyonyooka na tambarare, shikilia mwendo mmoja ulio ndani ya kikomo, halafu abiria wako alinganishe mshale na spidi inayosomwa kwa setilaiti (GPS) kwenye simu. Andika tofauti hiyo na tarehe uliyopima.

Kama una kamera ya dashibodi, angalia saa yake leo. Kamera nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani betri yake ndogo inapochoka, na video inayoonyesha saa tano asubuhi wakati umeandikiwa kosa saa kumi jioni itakuletea maswali kuliko majibu. Nyingi pia hurekodi kwa kuzunguka, yaani kadi ikijaa zinafuta za zamani. Video ya leo isipotolewa mapema haitakuwepo siku ya kesi. Na ujue kwamba kamera haina upande. Kama ulikuwa unakimbia, itasema hivyo.

Sasa tochi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo madereva wengi wanapobishana kwa hoja zisizo na msingi na kuziacha zenye msingi.

Tochi ya rada inatuma mawimbi ya redio, yanagonga gari na kurudi. Gari likiwa linasogea, mawimbi yanayorudi hubadilika idadi ya mitetemo kwa sekunde, na ukubwa wa badiliko hilo ndio unaotafsiriwa kuwa kilomita kwa saa. Kanuni hiyo ilielezwa na Christian Doppler mwaka 1842, na ndiyo inayofanya king'ora cha ambulensi kibadilike sauti na kuwa nzito mara tu inapokupita. Udhaifu wa rada ni upana wa mwale wake. Mwale wa digrii 12 ukifika mita 300 umeshatanuka zaidi ya mita 60, yaani umeifunika barabara nzima na magari yote yaliyomo. Kifaa hakimwambii askari mwangwi umetoka kwa nani. Lori kubwa lililo nyuma yako linaweza kurudisha mawimbi yenye nguvu kuliko gari lako dogo la mbele. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu rada ni hili: askari alijuaje kwamba usomaji ule ulikuwa wa gari langu? Jibu zuri lipo. Aliliona gari likija kwa kasi kabla ya kupima, lilikuwa peke yake, na usomaji ulishuka lilipofunga breki. Asipokuwa nalo, una hoja.

Tochi ya leza ni nyingine. Inatuma mipigo mifupi ya mwanga usioonekana kwa macho, inapima muda wa kila mpigo kwenda na kurudi, hivyo inajua umbali. Umbali ukipungua, inapata mwendo. Mwale wake ni mwembamba, na kwenye mita 300 huwa na upana wa mita 1 hivi. Kuchanganya magari ni vigumu zaidi, lakini mkono wa askari una kazi kubwa. Mwale ukiteleza kutoka kwenye kioo cha mbele kuelekea kwenye namba ya gari wakati wa kupima, sehemu ya umbali uliobadilika imetokana na mkono, si na gari. Kwa hiyo kwenye leza uliza alilenga wapi, kwa umbali gani, na kama alikuwa ameegemeza kifaa.

Kuna hoja moja inayozunguka sana kati ya madereva nayo ni ya pembe: kwamba askari alisimama pembeni, kwa hiyo kipimo si sahihi. Ni kweli pembe inabadilisha usomaji, lakini tochi iliyosimama mahali pamoja husoma pungufu. Ukiwa 100, na askari yuko kwenye pembe ya digrii 10, tochi itasoma kama 98.5. Pembe imekupunguzia. Usipoteze dakika zako mbele ya hakimu kwa jambo lililokusaidia.

Kamera za barabarani zina hesabu zake. Nyingine hupiga picha 2 zilizopishana kwa muda unaojulikana, na michoro iliyopakwa kwenye lami ndiyo rula ya kuhakiki. Gari la kilomita 72 kwa saa linasogea mita 20 kila sekunde, hivyo kwenye nusu sekunde lazima liwe limevuka mita 10. Ukiletewa picha za namna hiyo, hesabu mistari mwenyewe. Zile za mwendo wa wastani husoma namba yako sehemu 2 na kugawa umbali kwa muda: kilomita 10 kwa dakika 5 ni 120, na kupunguza mwendo chini ya kamera hakukusaidii kitu. Askari akikufuata kwa gari lake na kusoma mshale wake, cha kuuliza ni kama mshale huo umehakikiwa, alikufuata umbali gani, na kama nafasi kati yenu haikubadilika.

Kifaa chochote kile, swali lenye uzito kuliko yote ni la uhakiki. Kipimo kina namba yake, kina cheti cha kuhakikiwa chenye tarehe ya mwisho, na kinatakiwa kujaribiwa kazini kwa utaratibu uliowekwa. Rada nyingi hujaribiwa kwa kipande cha chuma chenye meno mawili kama uma. Kikigongwa hutetema kwa idadi maalumu, na tochi ikielekezwa kwake lazima isome spidi iliyoandikwa kwenye chuma hicho. Leza hujaribiwa kwa kulenga alama iliyo kwenye umbali uliopimwa. Mwaka 1979, huko Miami nchini Marekani, televisheni ilionyesha tochi ya rada ikisoma mti kuwa unakwenda maili 86 kwa saa, karibu kilomita 138, na mwaka huohuo jaji wa eneo hilo akaukataa ushahidi wa rada ulioletwa mbele yake dhidi ya madereva. Usikimbilie kusema rada ni uongo. Mahakama nyingi zinaikubali rada iliyohakikiwa na kushikwa na mtu aliyefunzwa. Kazi yako ni kuuliza kama hayo mawili yalikuwepo.

Tuje kwenye kusimamishwa. Washa indiketa mara moja ili ajue umemwona, tafuta nafasi salama nje ya njia, zima gari. Usiku washa taa ya ndani. Teremsha kioo, weka mikono juu ya usukani, abiria nao watulie. Usishuke mpaka uambiwe, na usiinamie droo ya mbele ghafla, maana askari haoni unachotafuta. Sema kwanza: “Afande, leseni iko kwenye droo hii, naomba niichukue.” Sentensi hiyo fupi imezuia mabaya mengi.

Swali la “unajua kwa nini nimekusimamisha?” linahitaji umakini. Wengi hujibu kwa woga, “nilikuwa nakimbia kidogo tu afande,” na hapo wamekiri kosa kabla hawajaambiwa kosa lenyewe. Usidanganye, maana uongo unakuharibia kila kitu baadaye; sema tu, “Afande, naomba unieleze.” Akishakueleza, omba kuona usomaji. Angalia spidi, saa, na umbali kama kifaa kinaonyesha. Kisha uliza kwa upole anatumia kifaa gani na namba yake ni ipi. Akikataa, usivutane naye. Kumbuka kwamba uliomba na akakataa, nalo hilo ni jambo la kuandika. Kama una mgonjwa ndani ya gari, liseme kwanza kabla ya lolote.

Usitoe hela mkononi. Usidokeze, usiulize “tunamalizaje.” Mbali na kwamba ni kosa kubwa kuliko mwendokasi wenyewe, unapoteza haki ya kulalamika na unamwandalia matatizo dereva anayekuja nyuma yako. Omba karatasi rasmi ya kosa, lipa kwa njia rasmi, tunza risiti. Kabla ya kusaini soma: kuna nchi ambazo sahihi ni ya kupokea karatasi tu, na kuna karatasi ambazo sahihi ni kukiri. Kurekodi askari kwa simu, haki ya kunyamaza, gari kukaguliwa bila idhini yako, hayo yote yana sheria tofauti kila nchi. Yasome ukiwa nyumbani, siku ambayo hakuna aliyekusimamisha.

Ukiruhusiwa kuondoka, usiende mbali. Simama mahali salama uandike kila kitu wakati kichwa bado kina moto: saa, njia uliyokuwa, magari yaliyokuwa mbele na nyuma na rangi zake, mvua au jua, askari alisimama wapi, maneno aliyosema kama alivyoyasema. Kama mzozo ni wa kibao, rudi baadaye mchana ukapige picha kutoka usawa wa macho ya dereva, ili ionekane kama matawi yamekifunika au kimegeuzwa na gari lililokigonga. Toa video kwenye kamera siku hiyohiyo. Kisha soma tarehe ya mwisho ya kupinga, kwa sababu sehemu nyingi kulipa faini ndiko kukubali kosa, na muda ukipita hakuna wa kukusikiliza hata ukiwa na haki.

Kwenye kupinga, chagua hoja moja au mbili zenye uzito: gari lililopimwa si lako, kifaa hakikuhakikiwa, kibao hakikuwepo au hakikuonekana, mahali palipoandikwa si pale. “Wengine walikuwa wananipita” haitakusaidia. Na kama ulijua unakimbia na kipimo kimekaa sawa, lipa. Nasema hivi kwa moyo wote, maana mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya gari linapogonga huongezeka mara nne, na mtoto anayevuka barabara hatasaidiwa na cheti cha tochi kilichokwisha muda.

Jambo la mwisho ni la wenye magari yanayoendeshwa na watu zaidi ya mmoja. Kosa la kamera huandikwa kwa namba ya gari, na taarifa humfikia mmiliki wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka nani alishika usukani Jumanne ile. Weka daftari ndani ya gari: jina la dereva, tarehe, saa ya kuchukua na ya kurudisha, kilomita zilizosomwa, na sahihi yake. Kila anayepokea ufunguo aandike kabla ya kuondoka, hata kama ni mwanao na anakwenda dukani tu.