Jinsi ya Kuchangia Sauti Yako ili Mashine Zielewe Kiswahili cha Wote

Programu ya kutambua usemi huwaelewa zaidi watu wanaozungumza kama wale ambao sauti zao zilitumika kuifunza, ndiyo maana mzee wa Pemba au kijana wa Lubumbashi anaweza kuzungumza na simu yake asieleweke. Njia nyepesi ya kupunguza pengo hilo ni mradi wa Common Voice, ulioanzishwa mwaka 2017 na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ambao hukusanya sauti za watu wanaojitolea na kutoa rekodi hizo kwa umma bila malipo.

Fungua ukurasa wa Kiswahili kwenye tovuti ya mradi huo, ruhusu maikrofoni itumike, kisha soma sentensi inayoonekana. Usiigize mtangazaji wa redio, kwa kuwa lafudhi ya nyumbani ndiyo inayokosekana. Ukiridhia, jaza umri, jinsia na lafudhi yako, maana bila maelezo hayo ni vigumu kwa watafiti kujua ni kundi gani limesahaulika.

Kazi ya kuhakiki, ambayo kwa maoni yangu haithaminiwi inavyostahili, ina uzito uleule: sikiliza rekodi ya mwenzako na uikatae iwapo maneno yamerukwa au kelele zimeyafunika, lakini usiikatae kwa sababu tu anatamka tofauti na wewe. Kila unayemwalika mweleze mapema kwamba sauti ikishatolewa kwa umma ni vigumu kuirudisha.