Kubadili na kukarabati kipoza oili cha mbele cha Porsche 911 SC na Carrera 3.2

Mwongozo huu ni wa 911 SC (1978–1983) na Carrera 3.2 (1984–1989) zenye kipoza oili ndani ya madigadi ya mbele kulia. Kipo kulia hata kama usukani uko kulia. Kile kingine kilichofungwa kwenye injini yenyewe ni kazi tofauti na hakimo humu.

Vipoza hivi viko vya aina tatu. Kuna bomba lililokunjwa bila mapezi, kuna cha mirija ya shaba ya manjano, na kuna cha mapezi kinachofanana na rejeta ndogo, ambacho kwenye Carrera za mwisho kina na feni ya umeme. Jua chako ni kipi kabla hujaagiza kitu. Mabano na mabomba yake havifanani, na muuzaji akikwambia "kinaingia tu" mwombe picha ya midomo yake.

Hatua ya 1: Hakikisha kipoza ndicho chenye kosa

Oili ya gari hili hupitia themostati iliyo kwenye nafasi ya gurudumu la nyuma kulia, mbele ya tairi. Ikifika karibu nyuzi 83 za Selsiasi, themostati inaanza kufungua njia ya kwenda mbele. Washa injini mpaka ipate moto vizuri, kisha uguse kwa uangalifu mabomba mawili yanayopita chini ya mlango wa kulia. Kama geji inaonyesha joto kali na mabomba bado baridi, themostati imekwama na kipoza kipya hakitakusaidia chochote. Yakiwa ya moto yote na joto bado linapanda, angalia matope kwenye mapezi au mirija. Barabara ya vumbi jekundu huziba kipoza hiki kwa nyuma, upande usiouona bila kutoa gurudumu.

Hatua ya 2: Mwaga oili

Kuna nati mbili za kumwagia, moja chini ya injini na nyingine chini ya tangi la oili. Fungua zote mbili. Oili iliyo kwenye mabomba ya mbele haitatoka hapo, kwa hiyo weka beseni chini ya madigadi pia.

Hatua ya 3: Legeza nati za mabomba

Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Tenga siku kadhaa, na usianze Ijumaa jioni kama gari linahitajika Jumatatu.

Mwili wa themostati ni wa alumini. Nati za mabomba si za alumini. Maji na chumvi vikiingia kati ya metali mbili tofauti, alumini inaliwa na kuwa unga mweupe unaoshika nyuzi (mistari ya kufungia nati) kama saruji. Magari ya pwani ndiyo mabaya zaidi. Ukilazimisha, nati inazunguka pamoja na nyuzi za themostati, na hapo umeshaua kifaa kigumu kupatikana kuliko kipoza chenyewe.

Safisha nyuzi zote zinazoonekana kwa brashi ya waya mpaka metali ing'ae. Paka mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Mchanganyiko wa ATF (oili ya giaboksi otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, unapenya vizuri kuliko makopo mengi ya dukani, ila tikisa kila unapotumia kwa sababu hujitenga. Asetoni inawaka upesi, kwa hiyo ifute na iache ikauke kabisa kabla ya kuleta joto lolote.

Spana inayotumika zaidi hapa ni ya milimita 36, lakini pima kila nati kwanza. Tumia spana mbili kila mara: moja inashika upande wa themostati au kipoza usizunguke, nyingine inafungua. Spana ya malaya isikaribie, maana nati hizi ni nyembamba na kona zake zinakwisha mara moja. Tazama bomba wakati unavuta. Likianza kujisokota pamoja na nati, acha hapo hapo, kwa sababu bomba likishapata mkunjo limekwisha.

Joto linasaidia, lakini wengi wanalitumia kinyume. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Nati iko nje na alumini iko ndani, kwa hiyo ukipasha vyote kwa muda mrefu, alumini inavimba ndani ya nati na kukaza zaidi. Kinachotakiwa ni kupasha nati peke yake, haraka, kisha kuivuta papo hapo kabla joto halijaingia ndani. Kifaa cha kupashia kwa koili ya umeme ndicho bora kuliko vyote, kwa kuwa kinalenga nati na hakina moto wa wazi. Kama huna, tumia bunduki ya hewa moto. Moto wa gesi karibu na tangi la oili na rangi nzito ya chini ya bodi haufai kabisa. Ikishindikana mara ya kwanza, acha ipoe, paka mafuta tena, rudia.

Isipotoka baada ya mizunguko kadhaa, amua nini utoe sadaka. Ushauri wangu hauna shaka: kata nati, okoa themostati. Ncha ya bomba inaweza kutengenezwa upya. Nyuzi za themostati haziwezi. Funika kila kitu kwa kitambaa, kata nati kwa urefu kwa diski ndogo, simama kabla hujafikia nyuzi, halafu ipasue kwa tindo dogo. Vumbi la chuma likiingia kwenye mdomo wa bomba, bomba hilo lisirudi kwenye gari kabla ya kuoshwa lote.

Ukipeleka bomba kwa mafundi wa mipira ya haidroliki, uliza kiwango cha joto. Mpira wao wa kawaida wa R1 umewekewa mwisho wa nyuzi 100 za Selsiasi, na oili ya gari hili huvuka hapo. Tundu la ndani lisiwe dogo kuliko la asili.

Hatua ya 4: Toa kipoza

Bolti zake zinaonekana ukishatoa gurudumu. Ziba midomo mara moja.

Hatua ya 5: Kukarabati au kununua

Cha mirija ya shaba kinakarabatika. Fundi rejeta atataka kukichomea kwa risasi; mkatalie, hasa kwenye viungo vya midomo, kwa sababu risasi hulegea mbali kabla ya kuyeyuka na mtikisiko unamaliza. Sisitiza kuchomea kwa madini ya fedha, na viungo vya jirani vifungwe kitambaa chenye maji visilegee.

Cha mapezi ni cha alumini na kinahitaji TIG (uchomeleaji wa umeme kwa gesi ya kukinga). Oili iliyojificha kwenye ufa hutoa mapovu na kuacha vishimo, hivyo osha, pasha kidogo, osha tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke safi. Gundi za rejeta zisitumike.

Jaribu kwa hewa ya bar 4 ndani ya maji ya uvuguvugu. Inatosha, maana kipoza hiki kiko kwenye njia ya kurudi tangini, upande wenye shinikizo dogo.

Usinunue kilichotumika kutoka kwenye injini iliyokufa, hata kwa bei ya bure. Vipande vya beringi hubaki ndani na hakuna petroli itakayovitoa vyote. Ukikosa cha asili, kampuni ya Setrab inatengeneza visivyo vya gari maalumu, vyenye midomo ya M22 (nyuzi za kipenyo cha milimita 22), lakini utahitaji viunganishi na mabano mapya. Kwa barabara mbovu bado ningechagua cha mirija: kinastahimili mawe na huoshwa kwa urahisi. Sehemu hii ya madigadi hupigwa sana, na anayeendesha 911 kwenye mbio za East African Safari Classic anajua kuilinda kwa wavu.

Hatua ya 6: Funga

Nati hizi hazina gasketi. Mdomo wa koni ndio unaoziba. Usiweke silikoni wala utepe wa nyuzi. Paka grisi ya kuzuia kushikana yenye nikeli kwenye nyuzi tu, anza kwa mkono mizunguko miwili au mitatu, kisha kaza kwa spana mbili.

Hatua ya 7: Jaza na upime

Mfumo mzima unabeba karibu lita 13, lakini usimwage zote kwa mpigo. Anza na lita 9 za oili ya 20W-50, washa, kagua uvujaji. Subiri mpaka mabomba ya mbele yawe ya moto. Sasa pima: gari limesimama sawa, injini ya moto, inaunguruma taratibu. Dipstiki ikisomwa injini ikiwa baridi inadanganya, na anayeiamini hujaza kupita kiasi hadi oili iingie kwenye boksi la filta ya hewa na gari litoe moshi wa bluu. Alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja na nusu, kwa hiyo ongeza nusu lita, subiri, pima tena. Kesho yake kaza tena kidogo nati zinazotokwa jasho, injini ikiwa baridi.