Kabla Hujaenda Kujitolea Kliniki ya Meno ya Kanisa

Swali la kwanza kuuliza ni hili: ukishaondoka, nani anabaki? Zahanati nyingi za kanisa huku vijijini Arusha, Manyara na Singida hazina daktari wa meno. Kama kuna bahati, yupo tabibu wa kinywa na meno mmoja, au yupo anayekuja kwa siku maalumu kutoka hospitali ya wilaya. Huyo ndiye atakayepigiwa simu usiku mgonjwa wako akiendelea kutoka damu. Basi mpigie wewe kwanza, wiki kadhaa kabla, umuulize ana nini, anakosa nini, na kipi anaweza kukimalizia mwenyewe. Kuanza kutibu mzizi wa jino siku ya mwisho ya kambi, halafu mgonjwa akaachwa na jino wazi na ahadi ya mwakani, ni kumtesa. Heri ungeling'oa.

Makaratasi yasikuchoshe. Mtaalamu awe na leseni hai ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na anayetoka nje ya nchi apate usajili wa muda kabla hajashika koleo. Dawa na vifaa vya kuingiza nchini vina taratibu zake kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mganga mkuu wa wilaya ajue mnakuja, mtendaji wa kijiji naye ajue. Mchungaji akikwambia "hayo tumeshayamaliza", omba kwa adabu uione barua. Usharika una mambo mengi, na barua husahaulika kwenye droo. Mwanafunzi asing'oe bila msimamizi, hata foleni ifike barabarani. Mtu hawi wa kujifunzia kwa sababu hana nauli ya kwenda mjini.

Sasa vifaa, na hapa nitakawia kidogo, maana ndipo kambi nyingi zinapokwama. Watu hudhani idadi ya wagonjwa inategemea idadi ya madaktari. Inategemea otoklevu, yaani chombo cha kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke wa presha. Koleo likishatumika linawekwa dakika 10 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5, yaani jiki ya asilimia 3.5 kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Linasuguliwa kwa brashi na sabuni, linasuuzwa, linakaushwa, linafungwa, ndipo liingie kwenye mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30. Dakika hizo zinahesabiwa presha ikishafika, siyo tangu jiko lilipowashwa, na hapo ndipo haraka ya mchana inapowadanganya watu. Piga hesabu: mkiwa na seti 10, na mzunguko mmoja unakula saa moja na nusu, kwa saa sita za kazi mtang'oa wagonjwa 40, hata mkija madaktari wanane. Kwa hiyo kabla ya kuongeza daktari kwenye gari, ongeza seti za vifaa na mtu wa kuosha.

Mtu wa kuosha anaweza kuwa wewe usiyesomea meno. Ni kazi ya heshima, na wengi huikimbia kwa kuwa haina picha nzuri. Inataka glovu nene za mpira, aproni, miwani, viatu vya kufunika mguu. Inataka pia chanjo ya homa ya ini B, ambayo kwa kawaida ni sindano tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo anza mapema. Uliza mapema vilevile ni kituo gani cha karibu chenye dawa za kinga ya VVU kwa aliyejichoma sindano. Zinatakiwa zianzwe haraka, na zisipite saa 72. Na boksi la sindano likijaa linakwenda kuchomwa wapi? Kama jibu ni "shimo lipo nyuma ya kanisa", kakague shimo lenyewe. Watoto hucheza huko.

Umeme usiutegemee. Taa ya kichwani yenye betri ya akiba ina thamani kuliko mashine ya kuchimba meno isiyo na jenereta. Kwa kuziba, jifunze njia ya vifaa vya mkono: jino linakwanguliwa sehemu iliyooza, kisha linazibwa kwa saruji ya glasi ayonoma. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu ya mazingira kama haya. Na tafadhali usilete kiti cha meno cha msaada kutoka Marekani chenye umeme wa volti 110. Umeme wetu ni 230, na kiti hicho kitaishia kuwa cha mlinzi.

Kuhusu wagonjwa, kuna mambo mawili utakutana nayo tu. La kwanza ni meno ya kahawia. Maji ya ukanda huu yana madini mengi ya floridi, na magadi ya kupikia maharage na makande huongeza. Rangi hiyo iliingia jino likiwa bado linaumbwa utotoni, kwa hiyo haisuguliki, na usimwambie mtu hapigi mswaki. La pili ni zito zaidi: mama ataleta mtoto mchanga anayeharisha, akuombe umtoe "meno ya plastiki". Anachokiona kwenye fizi ni chonge la utoto halijachomoza. Likichokolewa, mtoto anaweza kuvuja damu, kupata maambukizi, na jino la ukubwani likaharibika. Usimcheke wala usimkaripie, maana akitoka kwako atakwenda kwa mwenye spoku ya baiskeli. Mpeleke mwenyewe kwa muuguzi, mtoto apewe maji ya chumvichumvi na zinki, na mueleze akiwa pale pale.

Ukiuliza historia, sikiliza kalenda ya mwenzako.

"Shikamoo bibi. Hili jino limeanza kuuma lini?"

"Marahaba mwanangu. Tangu mahindi yalipokuwa machanga."

Hiyo ni miezi, na uvimbe shavuni unathibitisha. Endelea: presha, sukari, dawa anazotumia, na kwa wa umri wa kuzaa, ujauzito. Awepo mkalimani wa Kimasai au Kiiraqw anayejua kutunza siri, asiwe mjukuu wa mgonjwa.

Siku pangeni na wenyeji. Siku ya mnada watu hawaji, masika barabara hukatika, na zahanati ya Wasabato haifanyi kliniki Jumamosi, labda dharura. Tangazo lipite msikitini Ijumaa kama linavyopita kanisani Jumapili. Sala ya asubuhi ni ya wafanyakazi. Aliyechomwa ganzi hawezi kukujibu, kwa hiyo asihubiriwe kitini.

Kila aliyeng'olewa arudie mwenyewe maelekezo: kuuma gozi nusu saa, kutosukutua wala kutematema mpaka kesho, kisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mchana wa mwisho msipokee wa kung'oa. Kaeni na tabibu, mpitie daftari jina kwa jina, mumwonyeshe nani wa kurudi, nani wa rufaa, na dawa zilizobaki zinaisha muda lini.