Jinsi ya kufuatilia mjadala wa polisi wa jiji bila kuzungushwa

Mjadala wa polisi ukifika kwenye siasa za jiji watu wanagawanyika hapo hapo, huku wanaosema askari wanaonewa, kule wanaosema askari wamezidi, na wakati sisi tunabishana kwa maneno ya kwenye mabango karatasi yenyewe, yaani bajeti au mkataba wa polisi, inapita usiku, ukumbi umebaki na watu wachache na nusu yao ni wafanyakazi wa jiji. Hiyo karatasi ndo ya kuifuata. Naongelea miji ya Marekani, kwa sababu kule polisi wengi ni wa jiji kweli, madiwani ndo wanapitisha hela yao na mara nyingi meya ndo anamteua mkuu wao, na tangu George Floyd auawe na askari Minneapolis tarehe 25 Mei 2020 huu mjadala umepita kwenye kumbi nyingi sana za madiwani. Ukitaka kuingia ukasikika, au hata kupiga kura tu ukiwa unajua unachopigia, fuata haya.

Anza na swali moja: hawa polisi kisheria bosi wao nani?

Usidhani ni meya. Kansas City ina meya na madiwani kama kawaida lakini polisi wake wako chini ya bodi ya watu watano, wanne wanateuliwa na gavana wa Missouri, meya anakuwa wa tano, basi. St. Louis jimbo liliwachukua polisi mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikianza, jiji likarudishiwa 2013, halafu 2025 bunge la jimbo likawachukua tena. Kwa hiyo ukiwa pale ukatumia mwaka mzima kumbana diwani wako unambana mtu ambaye uamuzi hauko kwake, nguvu zako zipeleke kwa mbunge wa jimbo.

Na jimbo linaweza kufuta kazi yenu hata baada ya kushinda. Memphis, Tyre Nichols alipigwa na askari Januari 2023 akafariki, wakazi wakapambana mpaka madiwani wakapitisha sheria ya kuzuia askari kusimamisha gari kwa makosa madogo kama taa moja kuungua. Mwaka uliofuata bunge la Tennessee likapitisha sheria yake ikaibatilisha ile ya jiji. Inauma sana, watu walizika mtoto wao halafu wakajifunza utaratibu wa kutunga sheria ndani ya miezi michache, wakashinda, wakanyang'anywa. Ndo maana kabla ya kuandika dai lolote uliza kama jimbo lina uwezo wa kulipindua, na kama lina uwezo anza kuwatafuta wabunge wa jimbo siku ile ile unayoanza na madiwani.

Baada ya jimbo soma hati ya jiji, ile sheria mama inayosema meya anafanya nini na madiwani wanafanya nini. Juni 2020 madiwani 9 kati ya 13 wa Minneapolis walipanda jukwaani bustanini wakaahidi kuivunja idara ya polisi. Dunia nzima ikaandika kwamba polisi Minneapolis wanafutwa. Kumbe hati ya jiji ilikuwa na kifungu kinacholazimisha jiji kuwa na askari angalau 1.7 kwa kila wakazi 1,000, na kukibadilisha kulihitaji kupita kwenye tume ya hati halafu kwa wapiga kura. Tume ikachelewesha, kura ikapigwa Novemba 2021 na pendekezo likashindwa, kama asilimia 56 walisema hapana. Siku hiyo hiyo kwenye karatasi hiyo hiyo kulikuwa na swali lingine la kumuongezea meya nguvu juu ya idara za jiji, lile likapita, na nje ya Minneapolis sijui ni wangapi walilisikia wakati limebadilisha mambo kuliko ile ahadi ya jukwaani. Kwa hiyo soma karatasi yote ya kura, sio lile swali lenye kelele tu.

Ukimaliza hapo nenda kwenye hela, na hapa kaa sana.

Bajeti ya jiji ipo wazi, iko kwenye tovuti yao, ni ndefu na inachosha, lakini sura ya polisi haina kurasa nyingi kiasi hicho. Ukisikia "wamekata bajeti ya polisi" usifurahi na usikasirike, uliza imekatwa wapi na imeenda wapi. Austin, Agosti 2020, ilitangazwa kwamba madiwani wamekata kama dola milioni 150, theluthi moja ya bajeti ya polisi. Ukiifungua unakuta kilichokatwa papo hapo ni kama milioni 20 hivi, sehemu kubwa ya zilizobaki ilikuwa ni kuhamisha vitengo kama maabara ya ushahidi na wapokea simu za 911, namba ya dharura, vitoke chini ya polisi viwe vyenyewe, kazi zile zile na wafanyakazi wale wale. Waliotaka mabadiliko walisherehekea namba ambayo haikuwepo, na waliopinga wakaitumia namba hiyo hiyo kutisha watu, na mwaka 2021 Texas ikapitisha sheria ya kuadhibu miji yenye watu zaidi ya 250,000 inayopunguza bajeti ya polisi, hela ikarudi. Yaani adhabu ikaja nzima kwa kitu ambacho hakikufanyika kizima.

Kwenye hiyo sura ya polisi tafuta vitu vitatu. Nafasi za kazi zilizopangiwa hela na nafasi zenye watu kweli, kwa sababu idara inaweza kupangiwa mishahara ya askari ambao hawapo na ile tofauti ikaenda kwingine. Ovataimu, linganisha iliyopangwa na iliyotumika miaka mitatu nyuma, ikizidi kila mwaka basi ile bajeti wanayopitisha ni ya mapambo. Halafu malipo ya kesi. Hili la mwisho watu hawalijui kabisa, askari akiumiza mtu na jiji likashtakiwa, malipo kwa kawaida yanatoka kwenye mfuko wa jiji au bima yake, sio mfukoni kwa askari na mara nyingi sio kwenye sura ya polisi. Minneapolis ilikubali kulipa familia ya Floyd dola milioni 27 Machi 2021. Omba jumla ya malipo ya kesi za polisi ya miaka mitano kwa maandishi, sheria ya kupata taarifa za umma inakuruhusu, na wakikujibu utakuwa na namba ambayo diwani wako mwenyewe pengine hana.

Mkataba wa chama cha askari ndo mahali pa kuzama kabisa, mimi ningekuwa na jioni moja tu ya kusoma ningesoma huu nikaacha vingine vyote. Adhabu ya askari mara nyingi haiamuliwi na mkuu wa polisi peke yake, inaamuliwa na mkataba. Mfano uko San Antonio. Mwaka 2016 askari mmoja alifukuzwa kwa kumpa mtu asiye na makazi mkate uliowekwa kinyesi ndani. Akakata rufaa kwa msuluhishi kama mkataba unavyoruhusu, na msuluhishi akaitengua ile adhabu, kwa nini, kwa sababu mkataba ulisema adhabu lazima itolewe ndani ya siku 180 tangu tukio na jiji lilishindwa kuthibitisha tukio lilikuwa tarehe gani. Kilichomzuia kurudi kazini ni kosa jingine tu, ambalo adhabu yake ilisimama. Hakuna mwandamanaji wala meya angebadilisha hiyo, ilikuwa ni sentensi moja kwenye mkataba ambao madiwani waliupigia kura.

Kwa hiyo ukiushika mkataba tafuta muda wa kutoa adhabu na unaanza kuhesabiwa lini, tafuta rekodi za makosa zinafutwa baada ya miaka mingapi, tafuta askari anapewa kuona ushahidi kabla ya kuhojiwa au la, na tafuta nani mwenye neno la mwisho kwenye kufukuza. Halafu angalia tarehe mkataba unapoisha, andika kwenye kalenda, rudi nyuma mwaka mmoja, hapo ndo pa kuanza kelele. Ukienda siku ya kura umeshachelewa, walishakubaliana kwenye meza ambayo wewe hukuwepo. San Antonio wakazi walijaribu njia kali zaidi Mei 2021, kuondoa kabisa haki ya chama cha polisi kujadiliana mkataba, wakashindwa kwa tofauti ndogo sana, kama 51 kwa 49. Mimi nadhani kupigania vifungu vichache vinavyojulikana kunapata watu wengi zaidi kuliko kupiga vita chama chenyewe, kwa sababu wapiga kura wengi wana ndugu kwenye vyama vya wafanyakazi na hawataki kuvunja haki hiyo, ila ukiwasomea ile hadithi ya siku 180 wanaelewa bila kubembelezwa.

Wakija na chombo cha kusimamia polisi usishangilie jina. Uliza: kinaweza kuita mashahidi kwa lazima? Kinaona video na faili lote au kinapewa muhtasari? Kina bajeti iliyoandikwa au kinategemea huruma ya meya? Kikisema askari aadhibiwe mkuu wa polisi anaweza kukataa bila kueleza? Chombo kisicho na majibu mazuri hapo ni kamati ya kupokea malalamiko, basi. Chicago ilipitisha sheria yake 2021 na Februari 2023 wakazi wakachagua wenyewe mabaraza kwenye wilaya zote 22 za polisi, watu watatu kila moja, hilo ni jambo la maana maana diwani hawezi kuwafukuza wakimkera. Ila hata hapo soma mipaka yao, kuchaguliwa ni kitu kimoja na kuwa na uwezo wa kumuadhibu askari ni kingine.

Na majina yanatumika kuchanganya watu. Austin, Mei 2023, karatasi ya kura ilikuwa na mapendekezo mawili, A na B, yenye jina lile lile na maneno yanayofanana, moja la wanaharakati la kuongeza usimamizi, lingine limeungwa mkono na chama cha askari na linafanya kinyume. La wanaharakati likapita kwa wingi mkubwa, la pili likakataliwa, lakini ilibidi watu wagonge milango kueleza herufi gani ni ipi. Na hata baada ya kushinda jiji likaendelea kuficha faili za siri za askari mpaka hakimu mwaka 2024 akaliambia litii. Mtu anayekuletea karatasi ya kusaini mwambie akupe sheria kamili, akikosa usisaini.

Kamera za kifuani sitakaa sana. Utafiti mkubwa wa jiji la Washington, D.C. uliotoka 2017, askari zaidi ya 2,000, haukukuta tofauti ya maana kwenye matumizi ya nguvu kati ya waliovaa na ambao hawakuvaa. Kinachofanya kazi ni sera ya video inatoka lini na nani anaamua. Laquan McDonald alipigwa risasi 16 na askari Chicago Oktoba 2014, video ikatoka Novemba 2015 baada ya amri ya mahakama, na ile haikuwa ya kifuani, ilikuwa ya kwenye gari la polisi. Dai siku maalum ziandikwe.

Takwimu za uhalifu ukirushiwa ukumbini, uliza mwaka wa kulinganishia na uliza miji mingine. Mauaji Marekani yalipanda karibu asilimia 30 mwaka 2020, yakapanda miji iliyogusa bajeti na ambayo haikugusa, mpaka mashambani. Yeyote anayekuambia jiji fulani lilipanda kwa sababu ya kura fulani ya madiwani, bila kukuonyesha wengine walivyokwenda, anakuuzia. Na hii inawahusu wa upande wako pia, yalivyoshuka 2023 na 2024 kila meya alisema ni yeye.

Sasa siku ya kuongea. Unapewa dakika mbili, tatu ukibahatika. Usieleze historia ya dunia. Jiandikishe mapema, leta karatasi, taja namba ya ajenda, omba kitu kimoja. Kitu kama hiki:

"Naishi kata ya nne. Naongelea ajenda namba 12, mkataba wa polisi, ukurasa wa 31. Kifungu hiki kinahesabu siku za adhabu kuanzia siku ya tukio. Naomba kihesabu kuanzia siku malalamiko yalipopokelewa, kwa sababu mtu aliyelazwa hospitali hawezi kulalamika kesho yake. Naomba diwani wangu aseme leo kama atalipeleka rekebisho hilo, na kama hatalipeleka aseme sababu."

Umetumia chini ya dakika moja, na swali limeingia kwenye kumbukumbu za kikao. Wenzako watano waombe kitu hicho hicho kwa maneno yao, mama anayeogopa polisi na mwenye duka anayetaka polisi waje haraka wakisimama pamoja kwenye kifungu kimoja diwani hana pa kukimbilia. Askari mstaafu akikubali kuongea mpe nafasi ya kwanza, wapo wengi wanaoumia na wenzao wabaya wanaorudishwa kazini. Usimzomee mtu, wanachokata kwenye habari ni ile zomea.

Kura ikipita kazi haijaisha, uliza nani atasimamia utekelezaji na kwa amri ya nani. Tangu sheria ya 1994 wizara ya sheria ya Marekani inaweza kuishtaki idara ya polisi ya jiji na kuliweka jiji chini ya makubaliano yanayosimamiwa na mahakama, Pittsburgh lilikuwa la kwanza 1997. Lakini serikali ikibadilika na hiyo inabadilika, Mei 2025 wizara ilijitoa kwenye makubaliano ya Minneapolis na Louisville. Minneapolis wana bahati walikuwa na makubaliano mengine ya 2023 na idara ya haki za binadamu ya jimbo la Minnesota, hayo yako mahakama ya jimbo na yanaendelea. Kwa hiyo kwenye jiji lako tafuta ripoti ya usimamizi inatoka kila baada ya muda gani, nani anaiandika, na ukiipata nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya tarehe zilizopitwa, hizo ndo za kupeleka kwa diwani kikao kijacho.