Sensa za upepo wa tairi: kuzibadilisha na kuzitunza kwenye gari la zamani

Gari lililotumika Uingereza huingia Mombasa likiwa limekaribia miaka minane, kikomo cha Kenya, na huo ndio umri ambao betri za sensa za tairi huanza kufa. Tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya lililouzwa katika Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwamo wakati huo, lilitakiwa kuwa na mfumo wa kumwonya dereva upepo ukipungua. Betri ya sensa hudumu miaka 5 hadi 10. Imefunikwa kwa gundi ngumu ndani ya kasha na haikutengenezwa ili ibadilishwe. Wapo mafundi wanaopasua kasha na kuunga betri nyingine, lakini unyevu huingia na sensa hufa tena tairi likiwa limeshafungwa. Nunua sensa nzima.

Kabla ya kununua, hakikisha kuna sensa ndani ya tairi. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana kabisa. Mengine, kama Golf ya kizazi cha saba ya soko la Ulaya, hutumia vipimo vya mwendo wa magurudumu vya breki za ABS: tairi lenye upepo pungufu huzunguka kwa kasi kidogo kuliko wenzake, na kompyuta huliona. Hapo hakuna cha kununua. Jaza upepo sawasawa, kisha weka upya mfumo kupitia kitufe au menyu. Valvu ya chuma yenye nati kwenye rimu ni dalili nzuri kwamba sensa ipo, ila zipo pia zenye valvu ya mpira, kwa hiyo uthibitisho ni kifaa cha kuamshia sensa. Ukikisogeza karibu na valvu, husoma namba ya sensa, upepo na mara nyingi hali ya betri.

Isome nayo taa ya onyo ya upepo iliyo kwenye dashibodi. Ikiwaka na kubaki, upepo umepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha ikabaki, mfumo una hitilafu, na kwenye gari la umri huu mshukiwa wa kwanza ni betri ya sensa.

Kosa linalogharimu pesa nyingi ni masafa ya redio ambayo sensa hutumia kuwasiliana na gari. Sensa za magari ya Ulaya hutumia megahezi 433, za Marekani kwa kawaida 315. Ukiagiza ya 315 kwa gari la Uingereza, haitasikika hata ikiwa mpya. Linganisha namba iliyochapwa kwenye sensa ya zamani. Moja ikifa kwa uzee, nunua nne: zote zina umri mmoja, na kulifungua tairi upya kila baada ya miezi michache ni gharama ya bure.

Kazi yenyewe ni ya mashine ya tairi. Andika kwa chaki kila gurudumu limetoka wapi. Ng'oa kipini cha ndani cha valvu, upepo wote utoke. Mwambie fundi mapema kuwa kuna sensa, maana nyingi huvunjwa pale ukingo wa tairi unapobanduliwa kwenye rimu. Mashine ikandamize mbali na valvu, pande zote mbili, na vyuma vya kuchokolea visipite hapo. Safisha tundu la rimu hadi ling'ae. Weka sensa na raba yake mpya, kaza nati kwa mkono, kisha kwa spana ya kupima nguvu, kwa kawaida kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 4 na 8. Fuata namba iliyo kwenye pakiti. Ukizidisha, shina la alumini la valvu hupasuka au raba hupondeka, na upepo huvuja polepole. Jaza, paka maji ya sabuni kwenye shina, tazama mapovu, halafu balansi gurudumu.

Kisha gari lijulishwe namba mpya. Baadhi ya magari hujifunza yenyewe yakiendeshwa. Mengine hutaka sensa ziamshwe moja moja kwa mpangilio. Kwenye Toyota nyingi namba huingizwa kupitia soketi ya uchunguzi, ile anayochomeka fundi kifaa chake cha kusoma kompyuta ya gari. Kile kitufe cha Toyota kilicho chini ya usukani huhifadhi kiwango cha upepo tu, hakisajili sensa, na wengi hukibonyeza siku nzima bila mafanikio. Njia rahisi ni sensa ya kuprogramu inayonakili namba ya zamani. Gari halitajua kuwa imebadilishwa.

Kwa matunzo, kila unapobadilisha tairi badilisha raba, nati na kipini cha valvu. Kipini kiwe kilichopakwa nikeli: cha shaba tupu hushikana na alumini kwa kutu, upesi zaidi kwenye chumvi ya pwani, na shina hukatika ukikifungua. Kifuniko kiwe cha plastiki. Epuka dawa ya kuziba pancha, huziba kitundu cha sensa cha kupimia upepo. Tyubu haikai pamoja na sensa. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa sababu ukijaza tairi likiwa na joto la barabara, kesho yake likipoa upepo utakuwa pungufu na taa inaweza kuwaka.